Kupanda Mlima Hanang: njia ni fupi, kazi ni ndefu

Ukipanda basi la Arusha kutoka Maganzo au Shinyanga mjini utapita Tinde, Nzega na Igunga, utapandisha Sekenke, utafika Singida. Ukishaiacha Singida, kabla ya Babati, utaona mlima mkubwa umesimama peke yake mkono wa kushoto, kichwa chake mara nyingi kiko mawinguni. Huo ndio Hanang. Mji ulio miguuni pake ni Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Basi husimama dakika chache, watu wananyoosha miguu, safari inaendelea.

Wasikilizaji wetu wengi wameuona mlima huo dirishani miaka nenda miaka rudi. Maswali yanayorudi kwenye simu za kipindi cha asubuhi ni mawili. Je, mtu wa kawaida, si mzungu mwenye vifaa, anaweza kuupanda? Na tangu yale maporomoko ya tope ya Desemba 2023, ni salama?

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo. La pili linategemea unakwenda mwezi gani na unakwendaje, na hilo linahitaji maelezo.

Si mdogo wa Kilimanjaro

Hanang ni volkano ya zamani. Kilele chake kiko takribani mita 3,420 kutoka usawa wa bahari. Kilimanjaro ina mita 5,895. Mtu akisikia namba hizo mbili anasema basi huu ni nusu, nitaumaliza asubuhi nirudi kula chakula cha mchana. Hesabu hiyo imekosa kitu kimoja: siku.

Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano, sita, hata nane. Siku ya kwanza kwa njia ya Marangu, mtu huanzia getini na kulala Mandara, na hapo amepanda kama mita 850 tu. Hanang wengi huupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Katesh iko mita 1,700 na ushee, kwa hiyo kutoka mjini hadi kileleni unapanda zaidi ya mita 1,600 kwenda juu, karibu mara mbili ya siku ile ya Marangu, halafu jioni unazishusha zote. Kupanda na kushuka huchukua saa kumi hadi kumi na mbili kwa mtu mwenye mwendo wa kawaida.

Njia inayotumika zaidi ni ile ya Jorodom, inayoanzia karibu na mji wa Katesh. Zipo nyingine zinazoanzia upande wa Gitting na Gendabi. Jorodom huanza na mashamba, ikaingia msituni, kisha miti inapungua na kubaki vichaka na nyasi, na mwisho ni mawe na mgongo mwembamba wa mlima. Haizunguki sana. Njia za milima mingine hukata kona ili kupunguza mwinuko, hii mara nyingi inapanda moja kwa moja, mguu juu ya mguu, mizizi na mawe. Ndiyo maana nasema ni fupi lakini inachosha.

Kuna jambo moja la kuliweka moyoni mapema. Ukitoka kwenye vichaka na kufika mgongoni utaona ncha mbele yako, utasema nimefika. Hujafika. Kileleni hasa ni mbele zaidi, na mgongo unashuka na kupanda tena kabla ya kukufikisha. Wengi hukata tamaa hapo, si kwa sababu miguu imeisha, ila kwa sababu walijihesabia vibaya. Mimi nilipoupanda, kwa siku mbili, kiongozi wetu alituambia jambo hilo tukiwa bado mashambani, na nadhani lilitusaidia kuliko mikate tuliyobeba.

Kilimanjaro nako ipo njia ya namna hii, inaitwa Umbwe. Ndiyo njia kali kuliko zote za mlima ule na ina watu wachache. Inamchukua mpandaji kutoka getini, kama mita 1,600, hadi kambi ya Barranco iliyo karibu mita 3,900, kwa siku mbili. Waongozaji wa Moshi hawampeleki mtu mgeni huko kirahisi, na sababu yao ni moja: mwili haujapewa muda wa kuzoea. Umbwe inasifiwa kwa utulivu, na utulivu huo unatokana na ukali wake. Hanang ni vivyo hivyo, kwa kipimo kidogo.

Utulivu una gharama yake

Maelfu kwa maelfu ya watu hupanda Kilimanjaro kila mwaka. Huko ukiteguka mguu, nyuma yako kuna kundi lingine linakuja, kuna askari wa hifadhi, kuna machela. Hanang unaweza kutembea kutwa nzima usikutane na mpandaji mwingine. Hakuna vibanda vya kulala, na njiani hakuna maji.

Jambo hilo la maji nalirudia: njiani hakuna maji ya kutegemea. Kila tone utakalokunywa umelibeba mgongoni kutoka Katesh. Kwa safari ya siku moja beba lita nne hadi tano kila mtu. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kabla hujaweka chakula na sweta tayari una kilo tano. Mtu akiona mzigo mzito hupunguza maji kwanza, wakati ndicho kitu cha mwisho kupunguza. Ukipandisha kwa nguvu unatoka jasho jingi, na hewa ya juu ni kavu, inakausha mwili hata kama husikii joto. Kichwa kuuma mlimani mara nyingi huanzia kwenye kiu.

Msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Huruhusiwi kuingia kama unavyoingia porini kutafuta kuni. Unafika ofisini kwao Katesh, unalipia kibali kwa namba ya malipo ya serikali, unapata risiti, na unachukua kiongozi. Ada ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni, hivyo nenda na kitambulisho chako cha taifa. Malipo ya kiongozi yazungumzeni kabla hamjaondoka, na mkubaliane kama yeye ndiye atakayebeba chakula chake au ninyi.

Wapo wanaouliza kiongozi wa nini wakati mlima unaonekana. Mlima unaonekana, njia haionekani. Msituni kuna vinjia vingi vya wafugaji na vya wanyama, vinagawanyika na kupotea. Ukungu ukishuka, na huko hushuka ghafla, huoni mita ishirini mbele. Tena Hanang si mawe matupu. Kwa Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, ndugu za hawa Wataturu tunaowafahamu huku kwetu, mlima huo ni mahali pa heshima tangu zamani. Kijana wa pale anajua pa kukaa, pa kupita kimya na pa kutowasha moto. Mgeni mwenye adabu hufuata.

Mwili unapopanda

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21 kama ya Maganzo. Tofauti ni kwamba hewa yenyewe ni nyepesi, imetawanyika, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni kidogo. Sisi huku tuko kama mita 1,200. Ukifika kilele cha Hanang, kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko uliyozoea nyumbani. Moyo unakwenda mbio ili kufidia, na mapafu nayo.

Kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiwa unapanda, jaribu kusema sentensi nzima kwa mwenzako. Ukishindwa kuimaliza bila kukata pumzi, unakwenda haraka mno, punguza. Usisubiri hadi uhitaji kukaa. Anayekwenda polepole bila kusimama hufika kabla ya anayekimbia na kukaa.

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500: kichwa kinauma, chakula kinakukataa, kichefuchefu, usingizi hauji. Mara nyingi dalili hazitokei palepale bali baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana anayepanda na kushuka siku moja huenda asizione kabisa, na anayelala kambini njiani akaziona usiku. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, kunywa maji, usipande zaidi hadi kiishe. Akianza kutapika, kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hapo hakuna mjadala, ashushwe, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kushuka.

Sasa niseme na watu wa kwetu hasa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini. Mwenye selimundu asipande mlima huu. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu hubadilika umbo na kuziba mishipa, na maumivu yanayofuata yanaweza kumwua mahali ambapo gari haifiki. Hata yule mwenye kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani hajawahi kuumwa, azungumze kwanza na daktari, kwa sababu mara chache mwinuko pamoja na kazi ngumu humletea matatizo ya bandama.

La pili ni vumbi la mgodini. Kijana aliyefanya kazi miaka mingi ya kupasua na kusaga mawe ya dhahabu, Geita au kwingine, bila kuziba pua, anaweza kuwa na ugonjwa wa mapafu unaoitwa silikosisi. Vumbi la silika huacha makovu ndani ya mapafu, na makovu hayo hayaponi. Kwenye tambarare huenda asijue, kwa sababu kazi zake za kila siku hazidai pumzi yote. Mlima unadai pumzi yote. Kama umekuwa na kikohozi kisichoisha, au unahema kupanda kilima cha kawaida, au umewahi kutibiwa kifua kikuu, nenda hospitali ukapimwe kabla ya kukata tiketi. Wenye pumu, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na wajawazito nao waulize kwanza.

Maandalizi, nayo, yanawezekana hapa hapa. Kishapu ni tambarare, lakini vilima vya mawe havikosi. Chagua kimoja, weka madumu mawili ya lita tano kwenye begi la mgongoni, panda na ushuke mara kadhaa, siku tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Mama anayebeba ndoo ya lita ishirini kila alfajiri ameshamaliza nusu ya mazoezi. Kijana wa bodaboda anayekaa kwenye kiti kutwa nzima ndiye atakayeteseka.

Tope la Desemba 2023

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, Jorodom, Gendabi na Ganana vikiwemo. Watu zaidi ya 80 walikufa, nyumba zilisombwa, barabara ikafungwa. Wengi walidhani volkano imeamka. Serikali ilieleza baada ya uchunguzi kwamba haikuwa volkano wala tetemeko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikamegeka.

Sisi wa Maganzo hatuhitaji kuchorewa picha. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope lilifunika nyumba na mashamba ya jirani. Ukuta wa Mwadui ulijengwa na watu na mteremko wa Hanang uliumbwa na volkano, lakini udongo uliolowa una tabia moja. Ukiwa mkavu, chembe zake zimeshikana na kubebana. Maji yakijaa katikati yake, uzito unaongezeka na ule mshikano unapungua, hadi kitu kilichokuwa kigumu kinatiririka kama uji. Tofauti ya Hanang ni mteremko. Tope linalotoka juu huingia kwenye makorongo, linazidi kasi, linang'oa miti na mawe, na kila linachokiokota kinakuwa nyundo kwa kilicho mbele. Ndiyo maana watu wa chini, waliokuwa mbali na mahali palipomegeka, ndio walioumia.

Kwa mpandaji, maana yake ni hii. Msipande wakati wa mvua kubwa, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata Mei kama mvua imechelewa. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Msilale wala kupumzika kwa muda mrefu ndani ya korongo au kwenye mdomo wake, hata kama ni kukavu na pana kivuli. Maji ya kijito yakigeuka tope ghafla wakati mnapokaa hakuna mvua, mkiona nyufa mpya ardhini au miti iliyoinama juzi juzi, au mkisikia mngurumo usioisha kutoka juu, ondokeni pembeni na mpande mgongoni, msikimbie kufuata korongo kushuka. Na kabla ya safari, ulizeni ofisi ya TFS njia gani iko wazi kwa sasa. Msitegemee maelezo ya mtu aliyepanda kabla ya 2023.

Radi ni jambo lingine. Kanda ya Ziwa tunazijua radi zetu. Juu ya mgongo wa Hanang hakuna mti uliokuzidi urefu, wewe ndiye mti. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, geuzeni.

Begi na viatu

Kutoka Maganzo hadi kileleni joto hupungua kwa takribani nyuzi 14, na upepo unaongeza baridi. Sweta nzito na koti la mvua vinatosha, na vyote vinapatikana kwenye mitumba. Nguo ya kubadilisha iwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu jasho la kupandia likikupoea mgongoni kileleni utatetemeka.

Viatu ndivyo vinavyowasumbua watu wetu. Gambuti hazifai, mguu unacheza ndani. Buti za mgodini zenye chuma mbele zinakubalika wakati wa kupanda, lakini wakati wa kushuka vidole vinagonga kile chuma saa tano mfululizo, na kucha zitakuja kutoka. Wabarbaig wanapanda na makatambuga, na ukiwaona utadhani ni rahisi. Wamezaliwa nayo. Wewe chukua raba yenye meno chini, iliyokwisha kuzoea mguu wako, na ukate kucha siku moja kabla.

Tochi ya kichwani, ile ile ya duarani, ichukue, maana mnaanza saa 11 alfajiri au kabla, na mkichelewa mnarudi gizani. Chakula kisiwe cha kupika. Matobolwa na karanga zilizokaangwa ni chakula cha mlimani kuliko biskuti: havipondeki, haviozi, na vinatoa nguvu polepole. Simu ijae chaji, ikae mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi hula betri. Mtu mmoja nyumbani ajue mnatumia njia gani na mnategemea kushuka saa ngapi.

Wekeni pia saa ya kugeuka, na iwe saa 7 mchana. Mkiwa hamjafika kileleni muda huo, mnageuka hata kama imebaki nusu saa. Mkubaliane hivyo chini, wakati kila mtu ana akili timamu, kwa sababu juu kila mtu atasema bado kidogo.

Kushuka

Watu huamini kushuka ni kupumzika. Unapopanda, misuli ya paja inajikaza na kukusukuma juu. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo inanyooshwa huku ikizuia uzito wako usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichana zaidi. Magoti yanapokea kila hatua. Ongeza uchovu, giza linalokaribia na kokoto zinazoteleza, utaelewa kwa nini ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kurudi. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na tumia fimbo. Msukuma na fimbo hawahitaji kufundishana.

Pangeni usiku wa kulala Katesh kabla ya kupanda na mwingine baada ya kushuka. Kutelemka kutoka kwenye basi na kuanza kupanda saa hiyo hiyo, au kushuka mlima na kukimbilia basi la usiku, ni kuuongezea mwili kazi ya tatu na ya nne. Kesho yake asubuhi ngazi za basi zitawaonyesha wenyewe paja liko wapi.